Kisiwani, Nyali–Bamburi au Likoni: Familia ngeni Mombasa ikae upande gani?

Anayehamia Mombasa na familia hupewa ushauri na kila mtu, na kila mtu husifu upande anaokaa yeye. Wa Mji wa Kale atakwambia ng'ambo ni mbali. Wa Bamburi atakwambia kisiwani hapana hewa. Wa Likoni atakwambia kodi ya kwao ni nafuu, na feri ukishaizoea umeizoea. Wote wanasema kweli, ila kila mmoja anasema kweli ya maisha yake, na maisha yake huenda yasiwe yako.

Ulinganisho huu ni wa familia inayotoka nje ya Kenya, iwe Tanga, Unguja, Dar es Salaam, Kampala, Bukavu au Ngazija, au iliyokaa Ghuba miaka mingi na sasa inarudi Pwani na watoto wasiolijua jiji. Ushauri wetu wa msingi ni mmoja: Mombasa, chagua upande wa maji kwanza, nyumba baadaye. Jiji limekaa kisiwani na kumegeka pande tatu, na kila upande unaingia kisiwani kwa mlango wake. Kaskazini kuna Daraja la Nyali, magharibi kuna Makupa na Kipevu, kusini kuna kivuko cha Likoni. Baba akifanya kazi upande mmoja na watoto wakisoma upande mwingine, familia itavuka mara nne kwa siku. Hata nyumba iwe nzuri vipi, hilo litawachosha kabla mwaka haujaisha.

Vigezo tutakavyotumia

Kila upande tutaupima kwa mambo yale yale: njia ya kwenda na kurudi, maji ya bomba na ya kisima, nyumba na kodi, shule na chuo cha Qur'ani, hospitali, kisha majirani na usalama. Maji tumeyapa uzito makusudi. Wageni wengi huuliza habari za usalama na umeme, wakasahau bomba, na bomba ndilo huja kuwahamisha.

Yasiyobadilika popote utakapokaa

Makaratasi kwanza. Raia wa Tanzania na Uganda huingia Kenya bila viza na hugongewa muhuri wa hadi miezi 6, lakini muhuri huo ni wa kukaa tu, kazi hauruhusu. Anayekuja kuajiriwa anahitaji kibali cha kazi, cha daraja la D, na anayekuja kuwekeza huomba cha daraja la G. Mke au mume na watoto huombewa pasi ya mtegemezi, na mtoto anayekuja kusoma ana pasi yake ya mwanafunzi. Maombi hufanywa mtandaoni. Mgeni atakayekaa zaidi ya siku 90 lazima ajiandikishe apate kitambulisho cha mgeni. Usiahirishe, kwa sababu namba ya mlipakodi ya KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya), akaunti ya benki na mengine mengi huisubiri kadi hiyo.

Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti, na pamoja nayo M-Pesa. M-Pesa ya Tanzania na ya Kenya ni akaunti mbili tofauti, kwa hiyo usije ukitegemea salio la kule. Bila M-Pesa ya Kenya hata tokeni za umeme zitakusumbua. Ile unayoiita LUKU, hapa ni tokeni, na hununuliwa kwa simu kwa namba ya malipo 888880, na namba ya mita ndiyo akaunti.

Kuhusu kodi ya nyumba kuna habari njema kwa anayetoka Dar es Salaam, aliyezoea kudaiwa miezi sita au mwaka mzima. Mombasa kodi hulipwa mwezi kwa mwezi, aghalabu isipite tarehe 5. Mwanzoni utatoa kodi ya mwezi wa kwanza na dipoziti inayolingana na mwezi mmoja, na baadhi ya nyumba za hali ya juu hudai miezi miwili. Tuseme kodi ni shilingi 20,000, basi uwe na 40,000 mkononi, juu yake dipoziti ya maji na umeme kama ipo, na haki ya dalali. Dipoziti ndiyo chanzo cha ugomvi wakati wa kuhama, kwa sababu mwenye nyumba hukata ya rangi na ya vitasa vilivyovunjika. Siku ya kuingia piga picha kila ukuta, kila bomba na kila kioo, uzitume kwenye simu ya mwenye nyumba siku hiyo hiyo.

La mwisho lisilobadilika ni lugha ya darasani, na hapa familia za Kitanzania hujikwaa bila kutarajia. Wanadhani kwa kuwa Mombasa ni mji wa Kiswahili, mtoto ataingia darasani kama aliyehama mtaa. Lakini kuanzia Gredi ya 4, yaani darasa la nne, masomo yote isipokuwa Kiswahili hufundishwa kwa Kiingereza, na shule nyingi za mjini huanza mapema zaidi ya hapo. Mtoto wa darasa la tano kutoka shule ya serikali Tanga, anayejua kuzidisha na kugawanya barabara, hukwama kwenye hesabu kwa sababu hajui swali linauliza nini. Si mjinga, na asirudishwe nyuma miaka miwili kwa sababu hiyo. Omba shule impime hesabu kwa maneno ya mdomo, kwa Kiswahili, ndipo ikate shauri la gredi, na mtafutie mwalimu wa Kiingereza wa nyumbani kwa mihula miwili ya mwanzo. Watoto wanaotoka kwenye Kifaransa, wa Kongo, Burundi na Komoro, wanahitaji msaada huo huo na wakati zaidi. Muhula wa kwanza huanza Januari, kwa hiyo anayeweza kupanga tarehe ya kuhama afike Novemba au Desemba. Njoo na vyeti vya kuzaliwa, ripoti za shule za miaka miwili ya mwisho na barua ya uhamisho.

Kisiwani: Mji wa Kale, Tudor, Ganjoni, Kizingo na mitaa ya kati

*Njia.* Faida kubwa ya kisiwani ni kwamba huvuki. Kazi ikiwa mjini, bandarini au ofisi za serikali, wengi huenda kwa miguu au kwa tuktuk, ile inayoitwa bajaji Tanzania. Mtoto wa shule hurudi kula nyumbani mchana. Wakati foleni ya daraja imefika Buxton na wa ng'ambo wamekwama ndani ya matatu (daladala za hapa), wa Tudor keshakoga na anakunywa chai. Tatizo ni gari la kwako. Ndani ya Mji wa Kale vichochoro vingi havipitishi gari, na katikati ya mji kuegesha ni kwa kulipia kwa kaunti na kwa kutafuta sana.

*Maji.* Maji ya bomba ya Mombasa hutoka mbali, kutoka chemchemi za Mzima na visima vya Baricho miongoni mwa vingine, na hayatoshi. Hutolewa kwa zamu. Kisiwani mabomba ni ya zamani, na mitaa hutofautiana: mmoja hupata maji siku tatu kwa wiki, wa pili yake hupata usiku mmoja. Nyumba nyingi zina njia mbili, ya maji matamu ya bomba na ya maji ya kisima yenye chumvi kwa choo na kufulia. Zilizokosa bomba hununua maji ya mkokoteni, kwa mitungi ya lita 20. Hapa piga hesabu kabla ya kukubali nyumba. Watu watano kwa lita 50 kila mmoja ni lita 250 kwa siku. Tangi la lita 1,000 litamaliza siku nne. Kama zamu ya mtaa ni mara moja kwa wiki, tangi hilo halitoshi, na siku tatu zilizobaki utanunua mitungi 12 au 13 kila siku.

*Nyumba na kodi.* Ni upande wenye tofauti kubwa kuliko zote. Kizingo ni bahari, miti na kodi za juu. Ganjoni na Tudor zina fleti za vyumba viwili na vitatu kwa familia za kipato cha kati. Majengo na Bondeni zimebaki nyumba za Kiswahili, za ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ambapo choo na ua ni vya wote. Chumba ni cha bei nafuu, lakini familia ya watoto wanne itabanana. Katika Mji wa Kale nyumba ni za kuta nene za mawe, ndani kuna kivuli, na watu wameishi humo vizazi kwa vizazi. Nyumba nzuri hapo haitangazwi. Hupatikana kwa kuuliza msikitini na madukani, na mwenyewe atataka kujua wewe ni nani kabla ya kutaja bei.

Angalia joto. Fleti ya juu kabisa, chini ya dari ya zege, huwa tanuri Februari na Machi. Dirisha linalopokea kusi, upepo wa kutoka kusini-mashariki unaovuma takriban Aprili hadi Septemba, lina thamani kuliko vigae vya sakafuni.

*Shule na chuo.* Hakuna upande wenye shule nyingi karibu karibu kama huu. Sekondari za serikali zenye jina kama Allidina Visram, Mama Ngina na Star of the Sea ziko huku, na Aga Khan Academy, ya mtaala wa kimataifa, iko Kizingo. Vyuo vya Qur'ani vipo kila mtaa, baada ya alasiri na wikendi, na shule zinazochanganya masomo ya dini na ya serikali ni nyingi. Tatizo ni nafasi tu. Madarasa ya shule za msingi za serikali hujaa, na viwanja vya kuchezea ni haba.

*Hospitali.* Hapa kisiwani kimewazidi wenzake wote. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, wenyeji wanaiita Makadara, iko hapa, na zilizo za binafsi, Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital, ziko ndani ya dakika chache. Familia yenye mgonjwa wa sukari, figo au moyo, au mama mwenye mimba ya matatizo, ianze kutafuta nyumba kisiwani kabla ya kutazama kwingine.

*Majirani na usalama.* Katika mitaa ya kale watu wanajuana. Mtoto wako akionekana Marikiti saa za shule, habari itafika nyumbani kabla yake. Atakayesema shikamoo kwa wazee wa baraza, na mama atakayepeleka sahani ya futari kwa jirani Ramadhani, watapata watu haraka. Upande wa pili wa ukaribu huo ni kwamba siri haikai, na anayependa kuachwa peke yake ataona anaandamwa. Katika mitaa ya biashara, Mwembe Tayari na kando kando yake, hatari ya kawaida ni kuporwa simu jioni kwenye msongamano.

*Inawafaa* wanaofanya kazi mjini au bandarini bila gari, wenye watoto wa sekondari, wenye mgonjwa, na wanaotaka watoto wakue ndani ya Uswahili wenyewe. *Haiwafai sana* wenye watoto wadogo wanaohitaji uwanja, wala wenye magari mawili.

Kaskazini: Nyali, Kongowea, Bombolulu, Kiembeni, Bamburi

*Njia.* Daraja la Nyali ndilo linaloamua. Bamburi Mtambo hadi Posta ya mjini, barabara ikiwa wazi, ni kama nusu saa kwa matatu. Ukitoka saa moja na nusu asubuhi huenda ikapita saa nzima, na jioni foleni hugeuka upande wa pili. Wanaoijua hutoka kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Ukitaka kuwa karibu na daraja kaa Nyali au Kongowea. Kila steji (kituo cha matatu) unayozidi kusonga kaskazini hupunguza kodi na kuongeza dakika. Lakini ukiwa na kazi ya hoteli, kiwandani Bamburi au ofisi za Nyali, hadithi hiyo yote haikuhusu, utakwenda kinyume na foleni.

*Maji.* Bomba huku nalo si la kutegemewa, kama la kisiwani, ila nafasi ya kuchimba kisima ipo, na nyumba nyingi zina kisima, mota na tangi la juu. Shida ni mbili. Ya kwanza ni chumvi. Karibu na bahari maji ya kisima huwa makali, sabuni haitoi povu, birika hufanya gamba jeupe na hita ya maji huoza mapema. Ya pili haisemwi sana, nayo ni nzito zaidi. Sehemu kubwa ya kaskazini haina bomba la majitaka, kila nyumba ina shimo lake la choo, na mwamba wa chini ni wa matumbawe, wenye vitundu vinavyopitisha maji haraka. Kisima kikiwa karibu na shimo la choo, cha kwako au cha jirani, uchafu unaingia humo hata kama maji ni meupe na hayanuki. Kwa hiyo maji ya kisima yawe ya kuoga, kufulia na choo. Ya kunywa na kupikia nunua matamu, au tia dawa na kuchemsha. Mtoto anayeharisha kila baada ya wiki mbili tangu mhamie, tazameni tangi kabla ya kulaumu chakula.

Jambo jingine: uliza ni nani anayelipa umeme wa mota. Katika ploti za fleti nane au kumi gharama hiyo hugawanywa, na fedha zikichelewa mota huzimwa kwa wote.

*Nyumba na kodi.* Nyali yenyewe ni nyumba za ua mkubwa na fleti zenye walinzi getini, kodi juu. Bombolulu, Mlaleo, Kiembeni na Bamburi zina fleti za kila bei, nyingi mpya, na pale ambapo kisiwani ungepata vyumba viwili, huku unaweza kupata vitatu na mahali pa gari. Kwa kuwa ni mpya, tazama kazi ya fundi: unyevu kwenye pembe za dari, mteremko wa sakafu ya bafu kama unaelekea tundu la maji, na barabara ya kuingilia itakuwaje mvua za Aprili na Mei zikishuka.

*Shule na chuo.* Shule za binafsi zimejaa upande huu, kuanzia za Kenya za bei ya wastani hadi za mitaala ya kigeni, na nyingi zina mabasi. Basi la shule huanza kuokota watoto mapema. Mtoto wa mwisho wa njia hulala zaidi, wa kwanza huamka usiku. Ulizeni nyumba yenu itakuwa ya ngapi. Vyuo vya Qur'ani vipo, Kisauni hasa, lakini kwa anayekaa ndani Nyali huenda mtoto akahitaji kupelekwa kwa tuktuk.

*Hospitali.* Kliniki na hospitali za binafsi zipo za kutosha kwa homa, kujifungua na ajali ndogo. Kubwa zaidi ni kuvuka daraja. Usiku ni dakika chache, saa moja asubuhi ni jambo jingine.

*Majirani na usalama.* Watu ni mchanganyiko wa kila kabila na kila nchi, Kiswahili ni cha wote, na mgeni haonekani mgeni. Geti linafungwa, kila mtu na lake, na inaweza kupita miezi mitatu hujui jina la wa mlango wa pili. Baadhi ya mitaa ya ndani ya Kisauni imewahi kusumbuliwa na makundi ya vijana wenye mapanga. Hilo si la Kisauni nzima, wala si la siku zote. Waulize wauza duka na waendesha bodaboda wa steji ya hapo, tena mtaa kwa mtaa. Swali zuri ni hili: mwisho wa kufunga duka lako ni saa ngapi, na kwa nini?

*Inawafaa* wenye watoto wadogo, wenye gari, wanaofanya kazi kaskazini au nyumbani, na wanaotaka nafasi. *Haiwafai sana* wanaolazimika kuwa mjini saa mbili kamili kila siku.

Kusini: Likoni, Mtongwe, Shelly Beach

*Njia.* Kivuko. Wa miguu hawalipi, gari hulipa. Kuvuka kwenyewe ni kama dakika kumi, kungoja ndiko kunakokula muda. Saa za kwenda na kutoka kazini umati hujaa banda la kungojea mpaka nje, na geti likifunguliwa watu hushuka mteremko kwa kasi. Mtoto mdogo ashikwe mkono, usimwache abebe mzigo. Meli kubwa ikiingia bandari ya Kilindini feri husimama kuipisha, na maji ya bahari yakitoka sana mteremko huwa mkali kwa magari. Feri moja tu ikiharibika, foleni ya magari huonekana siku hiyo hiyo.

Hali imebadilika kwa wenye gari tangu barabara ya Dongo Kundu ilipokamilika mwaka 2024. Ni kilomita 17 na ushei kutoka Miritini hadi kuikuta barabara ya Likoni–Lunga Lunga, bila feri. Anayefanya kazi uwanja wa ndege, stesheni ya SGR Miritini au maghala ya Changamwe anaweza sasa kukaa kusini bila kuona kivuko. Wa katikati ya mji bado atazunguka mbali, akapige hesabu ya mafuta dhidi ya muda.

*Maji.* Visima ndivyo tegemeo, na utamu wa maji hubadilika kwa hatua mia. Onja kwa ulimi, na sabuni uijaribu mwenyewe hapo kisimani. Tahadhari ya mashimo ya choo tuliyoitaja ya kaskazini ni ya huku pia.

*Nyumba na kodi.* Nafuu kuliko pande zote mbili. Kodi ya chumba kimoja cha kulala mjini, huku inaweza kukupa nyumba ya ua, mwembe na mahali pa kuanika. Fleti zipo lakini chache, nyumba za chini za kujitegemea ni nyingi.

*Shule na chuo.* Shule za msingi za serikali na za binafsi za bei ndogo zipo karibu, na vyuo vya Qur'ani vimeenea. Uchaguzi hupungua mtoto akifika sekondari, na wengi huanza kuvuka au kupelekwa bweni. Mwanafunzi wa miaka 12 kuvuka peke yake asubuhi kwenye umati ule hatupendekezi.

*Hospitali.* Ya serikali ya Likoni hutoa huduma za kawaida na za kujifungua. Gari la wagonjwa hupewa nafasi ya mbele kivukoni, lakini bado linategemea feri iwepo. Mama aliyekaribia kujifungua apange mapema: ama ahamie kwa ndugu kisiwani wiki mbili kabla, ama ajue njia ya Msambweni, hospitali ya rufaa ya Kwale, kama kilomita 50 kusini bila kuvuka chochote.

*Majirani na usalama.* Mtu wa Tanga hujiona nyumbani. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na Lunga Lunga ni kama kilomita 100 tu kwa barabara hii hii. Mabasi ya Tanga na Dar hupita hapa. Kusafiri kwenda msibani au arusini ni siku moja, na hilo kwa familia ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana kwenye hesabu za kodi. Kama Kisauni, kuna mitaa ya kuulizia kwanza.

*Inawafaa* wenye kipato kidogo na watoto wa msingi, wenye jamaa Tanga na Kwale, wenye kazi kusini au Miritini na gari. *Haiwafai sana* wagonjwa wa kliniki za kila wiki na wenye watoto wa sekondari za mjini.

Tumeacha Mtwapa na Changamwe. Mtwapa ni kaunti ya Kilifi, kodi nzuri, ila kwa kazi za mjini foleni ya kaskazini yote ni yako. Changamwe, Mikindani na Magongo ni za wafanyakazi wa bandari na uwanja wa ndege. Kwao ni karibu, kwa wengine malori ya barabara kuu yatawachosha.

Kabla ya kutoa dipoziti

Nenda kwenye nyumba mara mbili, na mara moja iwe asubuhi ya siku ya kazi. Toka hapo saa kumi na mbili na nusu, fika kazini kisha shuleni, saa mkononi. Fungua bomba la jikoni, na ukiambiwa leo si zamu, muulize mpangaji, mwenye nyumba mwache. Tangi lifunuliwe ulitazame ndani.

Kisha mita ya umeme. Nunua tokeni za shilingi 100 kwa namba ya mita hiyo kabla ya kulipa chochote, ukasome ujumbe utakaokuja. Mpangaji aliyetangulia akiwa ameacha deni, hukatwa kutoka kwenye fedha zako, nawe hupata yuniti chache kuliko haki yako. Deni likionekana, mwenye nyumba alimalize yeye kabla hujaingia. Ukiambiwa umeme ni wa mita ya kugawana, andikishaneni bei ya yuniti.

Kwa hali yako

Kazi mjini, hamna gari, mtoto wa sekondari: tafuteni Tudor au Ganjoni, mkubali nyumba ndogo. Watoto wote chini ya miaka kumi, mmoja wa wazazi anafanya kazi nyumbani: Bamburi au Kiembeni, na bajeti ya maji ya kunywa iwe kando.

Mmoja ana kazi kisiwani na mwingine kaskazini: kaeni Kongowea au Nyali ya karibu na daraja, na shule iwe upande wa nyumbani. Shule ifuate nyumba, kwa sababu mtu mzima anaweza kuvumilia foleni, mtoto atasinzia darasani.

Fedha ni za kuhesabu na jamaa wako Tanga: Likoni, mradi kuna kazi kusini au mpango wa kweli wa kuvuka. Mkiwa na mgonjwa wa kudumu, kisiwani, hata kwa vyumba viwili.

Na kama kazi bado haijathibitishwa, msikodi nyumba ya samani zenu zote. Chukueni chumba cha mwezi mmoja kisiwani, watu wazima watangulie na watoto wabaki kwa bibi mpaka shule ipatikane. Kodi hapa ni ya mwezi kwa mwezi, itumieni nafasi hiyo.